Kitabu kwenye simu: kwa nini ukurasa wa 47 si mmoja kwa kila msomaji

Tuseme watu watatu wamekutana Kamembe, wilayani Rusizi, kujadili riwaya waliyokubaliana kuisoma. Wa kwanza ana kitabu cha karatasi alicholetewa kutoka Dar es Salaam. Wa pili anasoma riwaya hiyohiyo kwenye simu. Wa tatu, ambaye macho yake yamepungua nguvu, anatumia tableti na amekuza herufi hata mstari mmoja unabeba maneno manne tu. Mwenye karatasi anasema, "Tufungue ukurasa wa 47." Wa pili anafungua ukurasa huo na kukuta tukio jingine kabisa. Wa tatu akifika 47 bado yumo katika sura ya kwanza.

Hakuna aliyekosea. Ukurasa wa karatasi umefungwa na mpiga chapa: maneno yaliyomo leo ndiyo yatakayokuwamo baada ya miaka hamsini. Kitabu cha kielektroniki cha aina inayopanga maandishi upya hakina kurasa hata kidogo. Ndani ya faili mna mfuatano mrefu wa maneno, na programu huyamwaga maneno hayo kwenye kioo kama maji kwenye chombo. Kioo kikiwa kidogo, au herufi zikiwa kubwa, vyombo vinavyojaa huwa vingi zaidi. Namba inayoonekana chini ya kioo mara nyingi ni hesabu ya vyombo hivyo, yaani vioo ambavyo msomaji huyo mmoja amevijaza. Haimwambii lolote jirani yake.

Faili za PDF, zilizobuniwa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, hazina tatizo hilo. Zinahifadhi ukurasa kama ulivyopangwa, na 47 ya Kamembe ni 47 ya Bukavu, ng'ambo ya mto. Lakini kila aliyejaribu kusoma PDF ya ukurasa mpana kwenye simu ndogo anaijua adhabu yake: kuvuta kulia, kurudi kushoto, kupotea mstari katikati ya sentensi. Kwa mwenye macho dhaifu ni mateso zaidi. Kupata herufi zinazokuzwa bila taabu kumegharimu namba ya ukurasa.

Namba zisizokuwa za kurasa

Kampuni ya Amazon ilipotoa kifaa chake cha kwanza cha Kindle mwezi Novemba 2007, haikuweka namba za kurasa. Iliweka namba za mahali. Kila namba inasimamia kipande kifupi cha faili, kwa makadirio sentensi moja au mbili, na kwa hiyo riwaya ya kawaida huwa na maelfu kadhaa ya namba hizo. Faida yake ni kwamba haziguswi na ukubwa wa herufi. Hasara yake ni kwamba mwenye kitabu cha karatasi hawezi kuzitumia, wala msomaji wa programu ya kampuni nyingine. Wanafunzi na walimu walilalamika, na mwaka 2011 Amazon ilianza kuongeza namba za kurasa halisi katika vitabu vingi, zikilinganishwa na toleo fulani la karatasi. Neno "fulani" lizingatiwe: kitabu kikiwa na matoleo matatu ya karatasi, namba hizo zinafuata moja tu.

Faili za EPUB, zinazotumiwa na wachapishaji wengi, zina njia mbili. Mchapishaji anaweza kupachika ndani ya maandishi alama zinazosema kwamba hapa ndipo ukurasa wa 47 wa karatasi unapoanzia. Alama hizo ni msaada mkubwa darasani, ila si kila mchapishaji anayejishughulisha kuziweka. Njia ya pili haionekani na msomaji. Programu inakumbuka mahali kwa maelekezo, kama mtu anayemwelekeza mgeni katika mtaa usio na namba za nyumba: ingia sura ya tano, hesabu aya kumi na mbili, simama kwenye herufi ya thelathini. Ndiyo sababu msomaji anaweza kukuza herufi usiku, kuzipunguza asubuhi, na bado kitabu kikafunguka pale alipoachia.

Asilimia nayo ina hila zake. Inahesabu faili nzima, pamoja na maelezo ya mwisho, faharasa na kurasa za matangazo. Msomaji anaweza kufika mwisho wa hadithi akiwa kwenye asilimia 88 na kushangaa kitabu kimekatika.

Aya, beti na mistari kumi na mitano

Kuelekeza bila kutegemea ukurasa si jambo geni kwa wasomaji wa Kiswahili wa Rusizi. Muumini msikitini hasemi "ukurasa wa 300". Anataja sura na aya, na mwenzake mwenye msahafu wowote anafika. Mkristo anataja sura na mstari. Mgawanyo wa sura za Biblia unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Canterbury wa mwanzo wa karne ya 13, na namba za mistari za Agano Jipya zilizoenea ziliwekwa na mpiga chapa Robert Estienne mwaka 1551. Tenzi za Kiswahili nazo zinahesabiwa kwa beti. Anayetaja ubeti wa ishirini wa Utendi wa Mwana Kupona hahitaji kuuliza mwenzake anatumia chapa ipi, ingawa miswada ikitofautiana idadi ya beti inaweza kusogea kidogo.

Hata hivyo, kuna wasomaji ambao ukurasa wenyewe ni sehemu ya elimu yao, nao ni wanaohifadhi Kurani. Msahafu ulioenea sana duniani, unaochapishwa na kituo cha Mfalme Fahd mjini Madina kwa hati ya mwandishi Uthman Taha, una kurasa 604. Kurasa zake, isipokuwa chache, zina mistari 15, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Mwanafunzi anahifadhi maneno pamoja na pahali pake: aya hii iko juu kulia, ile inaanzia katikati kushoto. Akisomea programu inayopanga maandishi upya, ramani hiyo ya kichwani inavurugika kila anapobadili ukubwa wa herufi. Ndiyo maana programu nyingi za Kurani zinaonyesha picha ya ukurasa kamili, na maandishi yanayojipanga huachiwa tafsiri. Mzazi anayemnunulia simu mtoto wa madrasa afadhali aangalie hilo kwanza, kabla ya rangi na mapambo ya programu.

Simu moja, wasomaji wawili

Taabu inayowapata wengi zaidi inatokana na kulinganisha vifaa. Programu hutuma mahali msomaji alipofika kwenye akaunti yake ili simu na tableti zikubaliane. Kindle, kwa mfano, hupendekeza mahali pa mbali zaidi palipofikiwa. Msomaji akiruka hadi faharasa kuangalia maana ya neno moja, kifaa cha pili kinaweza kudhani amemaliza kitabu. Ndugu wawili wakitumia akaunti moja kusoma kitabu kimoja, anayesoma polepole atavutwa kila mara mpaka alipofika mwenzake. Dawa ni kukataa pendekezo hilo linapojitokeza, au kuzima ulinganishaji katika mipangilio.

Jambo hili pia linahitaji intaneti. Karibu na mpaka, ambako simu inaweza kudaka mtandao wa nchi jirani na kula bando kwa bei nyingine, wapo wanaozima data kwa makusudi. Mahali waliposomea hapatatumwa mpaka waiwashe tena.

Kwa mwanafunzi anayeandika insha, mwongozo wa APA, katika toleo lake la 7 la mwishoni mwa 2019, unashauri kutotumia namba za mahali za Kindle. Pasipo na kurasa, itajwe sura au kichwa cha sehemu pamoja na namba ya aya. Mwongozo wa MLA unakubali namba ya sura. Kwa wale watatu wa Kamembe iko njia nyepesi zaidi: mwenye karatasi asome maneno matano yanayofuatana, na wenzake wayaandike kwenye kisanduku cha kutafutia. Wachague maneno yasiyo ya kawaida, kwani "akasimama akamtazama" yatajitokeza mara nyingi.

Mchapishaji akitoa faili lililosahihishwa, namba za mahali zinaweza kuhama, na wakati mwingine alama na maelezo ya msomaji yakahama nazo. Kabla ya kukubali toleo jipya, aliyekwisha weka alama nyingi anakili kwanza sura na maneno ya mwanzo ya kila sehemu aliyoipigia mstari, kwenye daftari au kwenye ujumbe anaojitumia mwenyewe.