Maziwa ya karanga bila kuumiza mikono: acha uzito ufanye kazi

Leo tuache kidogo habari za mbolea na mbegu, tuongelee mikono yetu. Hiyo nayo ni mtaji.

Mwezi uliopita nilimtembelea binti mmoja pale Mugumu. Analima karanga, na badala ya kuuza zote kwa gunia, sehemu anazitengenezea maziwa ya karanga na kuyauza kwa chupa. Wateja anao, na chupa zinaisha kabla ya saa sita mchana. Lakini alikuwa ameshuka kutoka siku sita za kazi kwa wiki hadi siku mbili.

"Shikamoo, bwana shamba. Huu mkono usiku unakufa ganzi mpaka naamka," aliniambia huku akikunjakunja vidole.

"Marahaba. Hebu nioneshe unavyofanya," nikamwambia.

Kilo 4 za karanga, maji lita 20, na kitambaa kimoja. Anamimina uji wa karanga kwenye kitambaa, anakisokota, anakamua kwa nguvu zote, anarudia. Nilihesabu, akapita mara ishirini. Kumbe biashara yote imebebwa na vifundo viwili vya mikono! Nikaona nikiandike nilichomwelekeza, maana najua hayuko peke yake.

Kwanza: kubangua

Mikono huanza kuchoka kwenye maganda, kabla hata ya maziwa. Na hapa kuna kosa kubwa: kulowesha maganda ili yalainike na vidole visiumie. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Unyevu ule unaamsha kuvu, na kuvu wanaleta sumukuvu. Kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu uliotokana na mahindi, na watu 20 walifariki. Karanga nazo ni zao linaloshambuliwa sana na sumu hiyo.

Kausha karanga juu ya turubai mpaka ukitikisa ganda, punje inalia ndani. Kisha mkiwa kikundi, changeni mnunue mashine ya mkono ya kubangulia. Kuna ya zege na chuma aliyoibuni Jock Brandis baada ya kutembelea Mali mwaka 2001 na kuona akina mama wanavyoumia vidole kwa kubangua. Unazungusha mpini tu. Fundi chuma mzuri anaweza kukutengenezea ya aina nyingine inayofanya kazi hiyohiyo.

Ukimaliza kubangua, chambua. Punje iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyopasuka au yenye ukungu, toa nje. Usimpe hata kuku.

Pili: kulainisha na kusaga

1. Kaanga karanga kidogo tu, moto mdogo, ngozi ilegee. Zikipoa ziweke kwenye mfuko safi wa kitambaa, zisugue juu ya meza kwa viganja vyote viwili, kisha pepeta kwa ungo. Usimenye moja moja.
2. Loweka kwenye maji safi usiku kucha, kama saa 8. Asubuhi mwaga maji hayo na suuza. Punje iliyolowa vizuri inasagika haraka, iwe kwa blenda au kwenye kinu.
3. Kwa kilo 1 ya karanga kavu tumia jumla ya maji lita 5. Usiyamimine yote kwa mara moja. Saga kidogo kidogo kwa lita 3, bakiza lita 2 za kusuuzia machicha.

Tatu: kuchuja, hapa ndipo penye siri

Wenzetu wa pwani wamekamua tui la nazi miaka na miaka. Wanakaa juu ya mbuzi ya kukunia, uzito wa mwili unaituliza, mkono unakuna tu. Kuchuja wana kifumbu, kile kifuko cha kusuka. Somo lake ni kwamba kazi nzito apewe kifaa. Sisi tufanye hivi:

*Ning'iniza.* Shona mfuko wa kitambaa safi chenye matundu madogo. Mimina uji wa karanga, funga mdomo, tundika juu ya ndoo kwa dakika 20 hadi 30. Sehemu kubwa ya maziwa inashuka yenyewe. Usizidishe muda, kwa joto letu yatachacha.

*Suuza, usisokote.* Rudisha machicha kwenye sufuria, mimina zile lita 2, koroga kwa mwiko, tundika tena. Maji yatatoa kile ulichokuwa unakitafuta kwa kusokota.

*Bana kwa mti.* Mwisho weka mfuko ndani ya sufuria nzito iliyotobolewa matundu chini, ikae juu ya matofali mawili, beseni katikati. Juu ya mfuko weka kibao safi cha duara. Chukua mti imara wa mita 2, ncha moja ifunge kwa kamba chini ya nguzo, upite juu ya kibao kwenye sentimita 20 kutoka nguzoni. Ncha ya pili tundika dumu lenye maji lita 10. Hizo kilo 10 zinabana kama kilo 100! Anza na nusu dumu, uongeze polepole, mfuko usije ukapasuka.

Mara tu baada ya hapo chemsha maziwa dakika 10 ukikoroga, poza haraka, weka kwenye friji. Uza ndani ya siku mbili. Machicha yatumie siku hiyohiyo kwenye uji, mandazi au chakula cha kuku.

Usisahau

Maziwa haya si mbadala wa maziwa ya mama kwa mtoto mchanga. Andika kwenye chupa kwamba yana karanga, kuna watu zinawadhuru. Na ukitaka kuingia madukani, anzia SIDO pale Musoma wakuelekeze njia ya kupata alama ya ubora ya TBS.

Na yule binti?

Baada ya wiki tatu nilipita tena. Amerudi siku nne kwa wiki. Mti wake ameufunga kwenye mwembe nyuma ya nyumba, na mdogo wake ndiye anajaza dumu. Ganzi imepungua, haijaisha. Nikamwambia aende kituo cha afya. Ganzi ya kidole gumba na viwili vinavyofuata inayokuamsha usiku inaweza kuwa mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono, na ukiuchelewesha, nguvu ya kushika inapungua. Jembe utalishika na nini?

Tajiri na mali yake, mkulima na mikono yake. Itunze. Ukikwama kwenye kufunga ule mti, nitafute ofisi ya kata, tutaufunga pamoja.