Ndege ya Saa Moja Kutoka Madina



Mwaka jana shangazi yetu wa Msambweni alijaaliwa kwenda Umra. Msafara wao ulianzia Madina, na wakala akawauzia wazee, kwa nyongeza ya fedha, tiketi ya ndege "ya saa moja tu" ili wasichoshwe na basi hadi Makka. Hakuna aliyewaeleza kwamba Makka haina uwanja wa ndege. Ndege ile ilikuwa ikienda Jedda.

Ni kweli kwamba baina ya Madina na Jedda pana kilomita zipatazo 320 angani, pungufu ya masafa ya Mombasa na Nairobi, na ndege huchukua takriban saa moja. Lakini sisi wa ng'ambo ya Likoni twajua kwamba safari haipimwi kwa kivuko peke yake. Hupimwa pamoja na foleni. Shangazi alitoka hotelini baada ya Alfajiri, akangoja uwanjani, akaruka, akangojea mizigo Jedda, kisha akapanda gari kwa karibu kilomita 100 nyingine. Alipofika Makka, Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Basi lingemfikisha kwa saa tano au sita. Treni ya Haramain, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2018, huenda hadi Makka kwenyewe kwa muda wa saa mbili na nusu hivi.

Uchovu hupoa, dada zangu. Lililo zito ni mikati.

Anayetoka Madina kwa nia ya Umra mikati yake ni Dhul-Hulayfa, maarufu kama Bir Ali, palepale pembezoni mwa mji. Basi husimama hapo, watu wakatawadha, wakaswali, wakanuia. Ndege haisimami, wala treni; dakika chache tu baada ya kuondoka, mahali pale pameshapitwa. Kwa hiyo kuoga na kujitayarisha hufanywa hotelini (mwanamke hana vazi maalumu, ila asivae nikabu wala glovu akishahirimia), na nia isichelewe kupita mikati.

Shangazi alipouliza watahirimia wapi, kijana wa wakala alimjibu: "Jedda, mama, msiwe na haraka." Bibi huyu alisoma chuoni utotoni na hakuridhika. Aliuliza tena, kisha akaoga zake, na ndege ilipoanza kunyanyuka akanuia na kuleta talbiya kwa sauti ya chini. Wenzake watatu walimtii kijana. Walipofika Makka wakaelezwa kwamba wameivuka mikati bila ya ihramu, na kila mmoja akalazimika kuchinja mbuzi, kwa fedha walizoweka za zawadi za wajukuu.

Mwaka huu jirani yake wa Diani anajitayarisha, naye magoti yanamsumbua. Shangazi amemshauri apande treni, na amemwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, mahali pa kunuia.