Mtungi wa Rufiji na Mkono Ulioufinyanga

Zamani, katika nyumba nyingi za Kibiti na za vijiji vya delta ya Rufiji, pembe moja ya ukumbi ilikuwa na mwenyewe: mtungi wa maji, umekitwa juu ya mchanga mbichi, na kata ya kifuu juu yake. Aliyepata kunywa maji yale adhuhuri ya kaskazi hahitaji kuelezwa ubaridi wake. Siri ni udongo wenyewe. Chombo kilichochomwa kwa moto wa wastani hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya polepole hadi nje, hewa huyakausha, na kule kukauka huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Ndoo ya plastiki haina uwezo huo. Hata hivyo ndoo ndiyo iliyoshinda, kwa kuwa ni nyepesi na haivunjiki, wala sina ujasiri wa kumlaumu mama anayechota maji mbali kwa kuichagua.

Mtungi huo una nasaba ndefu. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alifukua shanga za kioo za zama za dola ya Rumi, na mwaka 1999 akazitangaza kwa wanazuoni wenzake. Zilichukuliwa kuwa ushahidi wa biashara inayotajwa katika kitabu cha kale cha Kiyunani cha safari za baharini, kinachozungumzia soko liitwalo Rhapta, ambalo Chami analiweka pande hizi za Rufiji. Shanga zilivuma. Lakini shanga ni chache; vigae ndivyo vilivyojaa ardhini, na kwa vigae ndivyo wachimbuzi hupanga karne. Aina moja, yenye pembetatu zilizochanjwa chini ya mdomo wa chungu, ilienea baina ya karne ya 6 na ya 10 kutoka pwani ya Kenya hadi Msumbiji na Komoro. Aliyezichanja hakuandikwa jina popote.

Ufinyanzi wa mkono huku pwani ni kazi ya wanawake. Udongo huchimbwa, huloweshwa, huondolewa mizizi na changarawe, kisha huchanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa ili chombo kistahimili moto. Gurudumu hakuna, kuta huinuliwa kwa vidole na kulainishwa kwa kokoto. Kukausha ndiko kunakotaka subira, kivulini, siku kadhaa, kwani unyevu ukibaki ndani hugeuka mvuke na kukipasua chombo motoni. Mwisho vyombo hupangwa uwanjani na kufunikwa kuni, makuti na nyasi. Moto ukishazimika, kila kimoja hugongwa kwa kidole: kinacholia ni kizima, chenye sauti butu kina ufa. Msomaji wa Surat Ar-Rahman, aya ya 14, inayotaja asili ya mwanadamu, atautambua mlio huo.

Moto wa uwanjani kwa kawaida haufiki nyuzi 1,000 za Selisiasi. Udongo ufaao ukitiwa katika tanuri hadi nyuzi 1,200 na zaidi, huanza kuyeyuka kwa ndani, vitundu hujiziba, na chombo huwa kigumu kama jiwe. Vyombo vya moto mkali wazee wetu walivijua kwa kuvinunua: vya China vimefukuliwa Unguja Ukuu, na vingine vilipachikwa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi. Tuliviagiza ng'ambo, ilhali Pugu, wilayani Kisarawe, katika mkoa huu huu wa Pwani, pana hazina kubwa ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea kauri.

Nchini Nigeria, Ladi Kwali alijifunza kufinyanga kwa shangazi yake kijijini. Mwaka 1954 aliingia katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew. Mitungi yake aliendelea kuiinua kwa mkono, kama alivyofundishwa nyumbani. Jipya lilikuwa tanuri la moto mkali na ngozi ya kioo juu ya udongo. Leo picha yake imo katika noti ya naira 20. Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Kenya, alikwenda kujifunza hapo, naye sasa ni mfinyanzi mashuhuri duniani.

Kwetu, mfinyanzi hulia gaeni, na msemo huo haujachakaa. Kikombe cha dukani tunakilipia bila neno. Chungu kilichochukua siku kadhaa tunakipunguza bei mpaka muuzaji achoke. Binti aliyeketi kando ya mama yake hapo sokoni anajua thamani ya kazi hiyo kabla hajagusa udongo.

Basi anayenunua chungu kipya akiloweke usiku kucha, kisha akichemshie uji mwepesi kwa moto mdogo, ili wanga uzibe vitundu. Kikiwa cha moto, kisitiwe maji baridi wala kisiwekwe juu ya sakafu iliyolowa. Na mwenye chombo cha zamani chenye mng'aro wa kioo, asichojua kilitengenezwa wapi, asikitie ukwaju wala ndimu: rangi nyingine za kale zilitiwa madini ya risasi, na ukali huyatoa.