Povu Linaloamua Kasi ya Tanuri: Taka za Nyuklia Zinavyogeuzwa Kioo

Oktoba 2025, huko Hanford katika jimbo la Washington, Marekani, taka za mionzi zilizokaa ardhini kwa miongo mingi zilianza kuyeyushwa na kugeuzwa kioo. Msomaji wa Bariadi au Maswa, mkoani Simiyu, ana haki ya kuuliza habari hiyo inamhusu nini. Simiyu haina kinu cha nyuklia, wala Tanzania nzima haina.

Inamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa Marekani wa kutengeneza bomu la atomiki ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kwa jasho la Wakongo. Mwaka 1940, mkuu wa Union Minière, kampuni iliyomiliki mgodi huo, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yenye urani. Baadaye Hanford ikawa mahali pa kuzalishia plutoniamu ya mradi huo kutokana na urani. Pili, Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani Namtumbo, mkoani Ruvuma, na suala la umeme wa nyuklia limeanza kuzungumzwa nchini. Anayeingia katika safari hii ni vyema ajue inakoishia.

Kazi ya Hanford iliacha takriban lita milioni 212 za taka katika matangi 177 ya chini ya ardhi, na baadhi ya matangi hayo yamekwisha kuvuja. Taka za majimaji hupenya udongo na kufuata maji. Ndiyo maana Ufaransa, ilipoanza kugandisha taka za namna hii kiwandani huko Marcoule mwaka 1978, ilichagua kioo. Taka zikiyeyushwa pamoja na silika na boroni, chembe zenye mionzi haziishii kufunikwa tu, bali huungana na kioo chenyewe na kuwa sehemu ya umbile lake. Mionzi haikomeshwi, ila chembe zinazoitoa hushikwa mahali pamoja, na maji hupata shida kubwa kuzitoa humo.

Ugumu uko katika kuyeyusha. Kila tanuri la Hanford lina uzito wa tani zipatazo 300, na halikokwi kwa kuni wala gesi. Umeme hupitishwa kati ya elektrodi, ndani ya kioo kilichoyeyuka, nacho hujipasha joto chenyewe hadi kufikia nyuzi 1,150 za Selsiasi. Kioo kikiwa baridi hakipitishi umeme, kwa hiyo siku ya kuwasha tanuri lazima kwanza kipashwe na vipasha joto vya pembeni.

Taka huchanganywa na mchanga na madini mengine na kuwa rojo, kisha humiminwa kutoka juu. Rojo hilo halizami. Hutandaa juu ya kioo cha moto na kufanya tabaka ambalo wataalamu huliita kifuniko baridi. Tabaka hili ndilo kiwanda halisi. Juu yake maji yanachemka kwa takriban nyuzi 100, na sentimita chache tu chini yake joto limekaribia lile la kioo. Katikati ya hapo chumvi za naitreti huyeyuka na kuvunjika, gesi hutoka, kioo cha kwanza huanza kujiunga, na punje za mchanga humezwa taratibu.

Joto lote la kazi hiyo lazima lipande kutoka chini, na huko ndiko linakokutana na kizuizi. Kioo kinapoanza kujiunga, vitundu vya kupitishia gesi huziba. Gesi inayotoka baada ya hapo hunaswa na kufanya povu chini ya kifuniko. Mkulima wa Simiyu analijua jambo hili kwa pamba yake: hewa iliyonaswa kati ya nyuzi hairuhusu joto kupita upesi. Povu hufanya vivyo hivyo. Kioo cha chini kinaweza kuwa na moto wa kutosha, na bado rojo la juu likachelewa kuyeyuka.

Je, si rahisi kuongeza moto? Hapana. Moto ukizidi, elektrodi na matofali ya tanuri huliwa upesi, na elementi zenye mionzi kama seziamu na teknesiamu hugeuka mvuke na kutoroka. Dawa iliyofaa ni kupuliza hewa ndani ya kioo, karibu na sakafu ya tanuri. Mapovu makubwa yanayopanda hukoroga kioo, hukileta chenye moto karibu na kifuniko, na kulifagia povu. Sukari nayo huongezwa kwenye rojo ili naitreti zivunjike mapema, gesi ikiwa bado ina njia ya kutokea. Lakini hewa ikizidi hupasua kifuniko, na kifuniko hichohicho ndicho kinachosaidia kuzuia elementi zinazotoroka. Kwa hiyo mhandisi anatafuta uwiano: povu lipungue, kifuniko kibaki.

Hapa ndipo penye somo. Kasi ya kusafisha urithi mzito wa taka hizo inaamuliwa na namna joto linavyopita katika sentimita chache. Fedha na umeme haviwezi kuziba pengo la elimu ya jambo hilo.

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na taka tulizo nazo leo, kama vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kutumika, hazihitaji tanuri la namna hii. Huu ni wakati mzuri wa kujifunza bila shinikizo. Kinu cha kwanza cha Hanford kiliwashwa mwaka 1944, na kiwanda cha kugeuza taka zake kioo kimeanza kazi hiyo miaka 81 baadaye. Serikali ikileta mpango wa umeme wa nyuklia, wabunge na wananchi waulize kwanza taka zitakwenda wapi, nani atalipa, na ni Watanzania wangapi wamesomeshwa kazi hiyo. Majibu hayo yatangulie saini.