Mbao za mchanganyiko wa plastiki: mafundi waelezwa namna ya kuzikata bila kuua makali ya misumeno

Katika karakana za useremala za Keko na Mbagala, wilayani Temeke, na katika maeneo ya ujenzi ya Mbezi Beach, Kunduchi na Bunju, wilayani Kinondoni, mafundi wa mbao hupokea kazi za kutengeneza baraza za nje, ngazi na sakafu zinazozunguka mabwawa ya kuogelea. Baadhi ya kazi hizo hufanywa kwa mbao zisizotoka msituni moja kwa moja, bali kiwandani: mbao za mchanganyiko wa plastiki na unga wa mbao. Mbao hizo huchaguliwa kwa sababu hustahimili mchwa na unyevunyevu wa pwani kuliko mbao nyingi za kawaida, na hazihitaji kupakwa rangi kila mara.

Hata hivyo, fundi anayezikata kwa msumeno uleule anaokatia mninga au paina hugundua mapema kuwa bledi imepoteza makali, ubao unatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na ukingo wa mkato umejaa vishungi vilivyoyeyuka. Matokeo yake ni hasara, kwani fedha iliyotengwa kwa ajili ya ujira huishia kununulia bledi. Kubwa zaidi ni usalama, kwa kuwa bledi butu humlazimu fundi kusukuma ubao kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu ndio unaoteleza kuelekea kwenye meno.

Kwa nini makali hufa haraka

Mbao hizi hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa mbao na plastiki kama vile polietilini, polipropilini au PVC. Viwanda vingi huongeza pia madini ya unga, yakiwemo talki na chokaa, ili kuupa ubao ugumu, pamoja na rangi na viambato vya kuuzuia usiharibiwe na jua. Plastiki iliyorejelewa inaweza kuwa na chembe za mchanga ambazo hazikuondoka wakati wa kuoshwa. Kila jino la msumeno linapopita, husuguana na chembe hizo ngumu kana kwamba linapitishwa kwenye msasa.

Jambo hili si geni kwa mafundi wa Tanzania. Mtiki, unaopandwa katika mashamba ya miti ya Longuza mkoani Tanga na Mtibwa mkoani Morogoro, una silika ndani yake, na mvule wakati mwingine huwa na vijiwe vya chokaa. Miti yote miwili inafahamika kwa kumaliza makali ya misumeno. Tofauti ni kwamba mbao za mchanganyiko zina tatizo la pili, nalo ni joto. Polietilini huyeyuka katika nyuzijoto za Selsiasi kati ya 105 na 135, kutegemea aina yake, na msuguano wa bledi hufikia kiwango hicho kwa urahisi. Plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye meno, msuguano huongezeka, na joto hupanda tena. Mara nyingi bledi inayodhaniwa kuwa imekufa makali huwa imefunikwa tu na uchafu huo.

Bledi inayofaa

Hatua ya kwanza ni kuacha kutumia bledi ya chuma kitupu. Inayofaa ni ile yenye ncha za kabaidi ya tungsteni zilizobandikwa kwenye kila jino, kwa kuwa kabaidi ni ngumu kuliko chuma na hustahimili msuguano na joto. Pale penye nafasi ya kuchagua umbo la meno, bledi ambayo jino moja lina kichwa bapa na linalofuata limekatwa pembe zote mbili hudumu zaidi katika mbao za aina hii kuliko ile yenye meno yaliyochongoka kwa kupishana kushoto na kulia.

Hatua ya pili ni kuzingatia idadi ya meno. Wengi huamini kuwa meno mengi ndiyo mkato safi. Kwa mbao za mchanganyiko, imani hiyo ina kikomo. Chukua msumeno wa mezani ambao bledi yake huzunguka mara 2,850 kwa dakika. Ubao ukisukumwa meta tatu kwa dakika, bledi ya meno 24 huondoa takriban milimita 0.04 kwa kila jino. Bledi ya meno 60, kwa kasi hiyohiyo, huondoa chini ya milimita 0.02. Jino linalopewa kipande chembamba mno halikati, bali husugua; na kusugua ndiko kunakozaa joto. Aidha, nafasi kati ya jino na jino huwa ndogo, hivyo unga wa plastiki hukosa pa kutokea.

Kwa bledi ya milimita 250, meno kati ya 24 na 40 yanatosha kwa kazi nyingi za sakafu za nje. Yaliyo machache hufaa kupasua ubao kwa urefu, na yanayokaribia 40 hufaa kukata ncha zitakazoonekana. Pale ambapo mtengenezaji wa ubao ametoa maelekezo yake, hayo ndiyo ya kufuatwa.

Namna ya kusukuma ubao

Ubao usukumwe kwa mwendo mmoja, bila kusitasita. Kusimama katikati ya mkato huacha bledi ikisugua mahali pamoja na kuyeyusha plastiki, na kusukuma kwa pupa huilemea mota. Meno yatokeze kidogo tu juu ya ubao. Reli ya kuongozea ubao iwe sambamba na bledi, na ubao uwe na egemeo pande zote mbili, kwani mbao hizi hupinda kwa uzito wake kuliko mbao za kawaida na zinaweza kuibana bledi.

Umeme nao una nafasi yake. Waya mrefu na mwembamba wa kuvutia umeme kutoka nyumba ya jirani hupunguza nguvu inayofika kwenye mashine. Bledi hupungua kasi, hukwama na kupata joto. Ni vema kutumia waya mnene na mfupi kadiri inavyowezekana.

Usafi na unoaji

Baada ya kazi, mashine ichomolewe kwenye umeme, kisha bledi ivuliwe na kulowekwa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Uchafu usuguliwe kwa brashi ya nailoni, na bledi ikaushwe ili isipate kutu. Kuichoma bledi kwa moto ili plastiki itoke ni kosa, kwa sababu moto huweza kulegeza ncha za kabaidi. Vilevile, tupa inayonoa msumeno wa chuma haiwezi kunoa kabaidi. Kazi hiyo huhitaji jiwe la almasi. Bledi iliyonolewa ipasavyo hurudi kazini mara kadhaa kabla ya kutupwa.

Usalama wa fundi na jirani

Kufunga bledi ya mbao kwenye mashine ndogo ya kusagia ni hatari kubwa. Mashine hizo nyingi huzunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika, kasi inayoweza kuzidi ile iliyoandikwa kwenye bledi, na kinga zake hazikutengenezwa kwa ajili ya meno ya msumeno. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kulinda usalama wa wafanyakazi wake. Karakana ihakikishe kinga ya bledi ipo mahali pake, na fundi avae miwani na barakoa ya vumbi.

Unga unaotokana na mbao hizi una plastiki. Usitumike kama maranda ya kutandika banda la kuku, wala usichomwe. Ubao wenye PVC ukiungua hutoa hewa yenye asidi inayodhuru mapafu. Unga huo ukusanywe kwenye mfuko na kupelekwa pamoja na taka ngumu kabla mvua haijausomba mtaroni.

Kabla ya kukubaliana bei

Fundi anayepewa kazi ya mbao za mchanganyiko anashauriwa kujumuisha gharama ya bledi na ya kunoa katika makadirio yake, na mteja anapaswa kufahamu kuwa gharama hiyo ni halali. Kijana anayetaka ujuzi wa mashine za mbao anaweza kuulizia mafunzo katika vyuo vya VETA, kikiwemo cha Chang'ombe, Temeke. Mbao zinabadilika, na ujuzi wa kuzikata hauna budi kubadilika nazo, ili fundi amalize kazi akiwa na ujira wake na vidole vyake vyote.