Kuona Visivyoonwa na Wengine: Lini Mtu Amwone Daktari

Maganzo ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, katika wilaya ya Kishapu, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui uliogunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mjiolojia wa Kanada. Mji huo hukusanya wachimbaji wadogo, wanunuzi wa almasi na wafanyabiashara kutoka kila pembe ya nchi, na miongoni mwao hawakosekani watu wa Unguja na Pemba. Kwa hiyo si ajabu habari za huko kufika Visiwani upesi, zikiwemo zile za bibi anayeona watu ndani ya chumba kitupu, au za kijana anayeona vimulimuli mchana na pazia jeusi likimshukia mbele ya jicho. Habari za namna hiyo zikifika, swali linaloulizwa kwanza huwa ni nani aliyemfanyia. Inafaa litangulie swali jengine, nalo ni kuwa jicho lake lina nini.

Ieleweke kwamba jicho peke yake halioni. Jicho hupokea mwanga, mwanga hupita katika lenzi na kuangukia utando wa nyuma uitwao retina, kisha mshipa wa fahamu hupeleka habari hizo mpaka sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni. Huko ndiko picha inakotengenezwa. Kasoro ikitokea pahala popote katika njia hiyo, mtu anaweza asione kilichopo, au akaona kisichokuwepo. Mwenye kueleza mambo ya namna hiyo hawi lazima kuwa ni mwendawazimu, wala muongo, wala mtu aliyechezewa.

Mfano ulio bora katika jambo hili ni wa zamani na umetoka mbali. Mwaka 1760 mwanachuoni wa Uswisi aitwaye Charles Bonnet aliandika habari za babu yake, mzee wa karibu miaka 90 ambaye macho yake yalikuwa yameharibika kwa mtoto wa jicho. Mzee huyo alikuwa akiona wanaume na wanawake, ndege, magari ya farasi na majumba, na vyote hivyo havikuwepo. Akili yake ilikuwa timamu, hakuwa na homa, na yeye mwenyewe alitambua kuwa anayoyaona si ya kweli. Hali hiyo hadi leo huitwa kwa jina la Bonnet. Sababu yake ni kwamba ubongo uliozoea kupokea picha kwa miaka 60 au 70 haukai kimya picha zinapokatika. Huanza kujitengenezea zake. Mgonjwa huona nyuso, watoto, wanyama, maua, au michoro kama ya mkeka. Picha hizo hazisemi wala hazina harufu. Zinaweza kukaa kwa sekunde chache au kwa muda mrefu, na mara nyingi huondoka akipepesa macho, akigeuza macho huku na huku, au taa ikiwashwa.

Wazee wenye hali hii ni wengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu wengi wao hunyamaza. Wanaogopa kuambiwa wamerukwa na akili. Katika baadhi ya sehemu za Usukumani kimya hicho kimekuwa na sababu nzito zaidi.

Inajulikana kwamba katika mikoa ya Shinyanga, Mwanza, Geita na Tabora, kwa miongo kadhaa wameuawa wazee, khasa wanawake, kwa kushukiwa uchawi, na kwamba alama mojawapo iliyochukuliwa kuwa ushahidi dhidi yao ni macho mekundu. Asili ya macho hayo haifichikani kwa mwenye kutazama jikoni. Sehemu kubwa ya misitu ya Shinyanga ilifyekwa, kwanza ili kuangamiza ndorobo na kisha kupata mashamba ya pamba, hata Serikali ikalazimika mwaka 1986 kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ili kurejesha miti. Kuni zilipokuwa haba, wanawake walipikia vijiti, mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya nyumba ambazo moshi wake hauna pa kutokea. Mwanamke aliyepika hivyo tangu ujana wake atakuwa na macho mekundu uzeeni, na akiongezewa vikope au vumbi la kiangazi, yatakuwa mekundu zaidi. Huo ni moshi wa chakula alichowapikia haohao wanaomshuku.

Basi achukuliwe bibi wa miaka 80 katika kijiji kilicho karibu na Maganzo, mwenye macho mekundu kwa moshi na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, ambaye asubuhi moja anawaambia wajukuu kuwa usiku alitembelewa na watoto wenye kanzu nyeupe wasiosema neno. Aliyoyasema ni dalili ya maradhi ya macho inayojulikana kwa zaidi ya miaka 250. Wakiyasikia majirani wasiojua, maneno hayo yanaweza kumhatarishia maisha yake. Wanawe na wajukuu ndio wa mwanzo wa kumlinda, na njia iliyo nyepesi ni kumpeleka akapimwe macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa lenzi mpya, kazi ambayo hufanywa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kwa upande wa Visiwani katika hospitali ya Mnazi Mmoja. Nuru ikirudi, mara nyingi wageni hao wasiosema nao huacha kuja.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Uchawi ya Tanzania Bara, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamhesabu mwenye kumtuhumu mwenzake uchawi kuwa anaweza kuwa ametenda kosa, na mwezi wa Januari mwaka 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Hata hivyo mzee aliyekwisha kutajwa jina na mpiga ramli hawezi kungoja mahakama.

Wananchi wa Visiwani wasiyaone hayo kuwa ni mambo ya bara tu. Mwaka 1995, ilipoenea hofu ya Popobawa kutoka Pemba hadi Unguja, watu wengi walieleza kuwa waliamka usiku wakiwa hawawezi kunyanyuka wala kupiga kelele, kifua kimebanwa, na kitu kimesimama juu yao. Wazee wa zamani waliiita hali hiyo jinamizi, na wataalamu wa usingizi wanaieleza vivyo hivyo: akili imeamka ilhali mwili ungali umelala, na ndoto inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi. Jinamizi haliui mtu, lakini hofu yake iliua. Katika siku hizo mtu mmoja mwenye maradhi ya akili, aliyevuka bahari kuja kutafuta matibabu, alipigwa na umati mjini Unguja hadi akafa.

Baada ya hayo inafaa kuelezwa ni mambo gani yasingoje. Mtu akiona ghafla vimulimuli kama umeme pembeni mwa jicho moja, pamoja na vitone vyeusi vingi kama nzi au masizi yanayoelea, na hasa akiona pazia au kivuli kikipanda au kushuka, huenda retina imeanza kubanduka. Aende hospitali siku hiyohiyo, maana ikishabanduka yote nuru ya jicho hilo ni shida kurudi. Kitone kimoja kilichokuwapo miaka yote bila kubadilika hakina haja ya haraka hiyo. Jicho linalouma sana, jekundu, lenye ukungu, na linaloona duara za rangi kuzunguka taa, pengine pamoja na kichefuchefu, linaweza kuwa na presha ya jicho iliyopanda ghafla, nalo pia ni la siku hiyohiyo. Mwenye kupoteza nuru ghafla, hata ikirudi baada ya dakika chache, au kuona vitu viwili viwili huku mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakimkwama, huyo anashukiwa kiharusi, na kila saa ina thamani.

Kinyume cha hayo ni kipandauso. Mgonjwa huona mistari inayometameta, yenye pembe pembe, ikitanuka taratibu kwa dakika 20 hadi 60, kisha kichwa huanza kuuma upande mmoja. Hali hii huogopesha lakini kwa kawaida haiharibu jicho. Hata hivyo anayeipata kwa mara ya kwanza, khasa ikiwa umri wake umepita miaka 50, inambidi apimwe ili ijulikane kuwa si jambo jengine.

Watu waliokwenda machimboni wana mambo yao ya ziada. Katika almasi ya Maganzo kazi kubwa ni kuchimba, kuchekecha changarawe na kuichambua juani, na madhara ya kawaida ni vumbi, uchovu wa macho na chembe ya jiwe iliyoingia jichoni. Chembe hiyo isitolewe kwa ncha ya ukuti wala kwa ulimi wa rafiki. Kwenye dhahabu ya Geita hali ni nyengine. Huko mawe husagwa kwa karasha, na wachimbaji wadogo wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki hiyo motoni, mara nyengine katika uwanja wa nyumba na watoto wakiwa karibu. Mvuke wake hauonekani, nao hudhuru mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu huwa mwepesi wa hasira na woga, na uwezo wa kupambanua rangi huweza kupungua. Zebaki inayoingia majini na kurudi kwa watu ndani ya samaki ina athari nyengine iliyothibitika huko Minamata, Japani, ambako maradhi yake yalitambuliwa mwaka 1956. Wagonjwa wa Minamata walipungukiwa na uwezo wa kuona pembeni, wakawa kama wanaotazama kupitia bomba. Kwa ajili hiyo mkataba wa mataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo.

Jambo la pili la machimboni ni pombe haramu. Baadhi ya vinywaji vinavyopikwa au kuchanganywa kwa siri huwa na methanoli, ambayo hushambulia mshipa wa jicho. Mnywaji huona ukungu mweupe, saa kadhaa baada ya kunywa na wakati mwengine siku ya pili, akidhani ni ulevi haujamtoka. Mjini Nairobi, mwezi wa Novemba mwaka 2000, pombe ya namna hiyo iliua zaidi ya watu 100 na kuwapofua wengine. Dini imeshasema lake juu ya kinywaji, lakini aliyekwisha kunywa asifichwe ndani kwa aibu. Akipelekwa mapema ipo dawa, na akicheleweshwa hupoteza macho au roho.

La tatu ni kifua kikuu, ambacho huwapata sana wachimbaji kwa ajili ya vumbi la mawe. Miongoni mwa dawa zake imo ethambutoli, dawa nzuri inayoponya wengi, ila mara chache hudhuru mshipa wa jicho. Mgonjwa akianza kuona rangi nyekundu imefifia au maandishi yamekuwa na ukungu, arudi kliniki mara moja. Asiache dawa zote kwa shauri lake mwenyewe, kwani kifua kikuu kilichokatishiwa dawa hurudi kikiwa kikali zaidi.

Kwa upande wa watoto, anayejikwaa kila ifikapo magharibi ilhali mchana anaona vizuri huenda amepungukiwa na vitamini A, na akipuuzwa anaweza kupofuka, khasa akipatwa na surua. Dawa yake hutolewa katika vituo vya afya, na maini, mboga za majani, mapapai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya manjano husaidia kumkinga.

Inafaa pia kuonya juu ya vitu vinavyotiwa jichoni majumbani, iwe ni maji ya majani, maziwa ya mama, mkojo au wanja wenye risasi. Jicho lenye kidonda dogo linaweza kuoza kwa vitu hivyo. Kisomo hakina kizuizi, wala hakuna daktari atakayemkataza mgonjwa kusomewa. Kinachoombwa ni kwamba kisomo na hospitali viende pamoja, na kwamba kombe linywewe, lisitiwe jichoni.

Mwenye kuona watu au vitu ambavyo pia vinamsemesha, vinamwamrisha au kumtishia, au anayeona hayo akiwa na homa kali, amechanganyikiwa, ametumia bangi au ameacha ghafla pombe aliyoizoea, tatizo lake huenda haliko jichoni. Homa ya namna hiyo inaweza kuwa ni malaria iliyopanda kichwani, nayo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huohuo.

Anayekwenda kwa daktari ajitayarishe kueleza mambo machache: aliona nini, kwa jicho moja au yote mawili, lilianza lini na lilidumu muda gani. Namna ya kujua ni kuziba jicho moja kwa kiganja, kisha jengine. Achukue dawa zote anazotumia, pamoja na za miti shamba, na kama ametoka machimboni aseme kazi aliyokuwa akiifanya huko na kama alikuwa akichoma zebaki. Mzee apelekwe na mtu anayemwamini, na apewe nafasi ya kuzungumza na daktari faraghani, kwani yapo mambo ambayo hatayasema mbele ya mkwe wala jirani.