Kinywaji cha Miungu na Chungu cha Wazee

MSOMAJI, ukifika Birongo, katika eneo la Nyaribari Chache huko Kisii, utaona migomba, majani chai na makanisa. Usichoweza kukiona kwa urahisi siku hizi ni chungu cha amarwa, pombe ya wimbi ambayo zamani haikuwa kileo tu.

Akina mama waliloweka mbegu za wimbi hadi zikaota, wakazianika na kuzisaga kuwa kimea. Kimea hicho kilitiwa katika unga uliochachushwa na kukaangwa. Pombe ilipoiva, wazee walikizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu. Palipokuwa na tambiko, kiasi kilimwagwa chini kwa ajili ya mababu.

Je, ni Wagusii peke yao? La. Wahindu wa kale walikuwa na soma. Jina lisikuchanganye, hapa hatuzungumzii vitabu! Soma ilikamuliwa kutoka kwa mmea, ikatolewa kwa miungu, hasa Indra. Sehemu ya tisa ya Rigveda, yenye nyimbo 114, inaisifu. Wazoroasta wa Uajemi waliiita haoma. Waumini wa dini hiyo waliwahi kuishi hata Zanzibar, alikozaliwa mwanamuziki Freddie Mercury mwaka 1946, mwana wa wazazi wa Kiparsi.

Mmea wa asili wa soma ulikuwa upi? Wataalamu wangali wanabishana. Mwaka 1968 Mmarekani Gordon Wasson alidai kuwa ni uyoga, wengi walimpinga. Hata hivyo, makuhani wa Kizoroasta hadi leo hutwanga vijiti vya mmea mwingine kinuni huku wakisali. Mmea umesahaulika, ibada imebaki.

Kwetu mambo ni kinyume. Wimbi tunao, hata uji tunaunywa kila asubuhi. Kinachopotea ni utaratibu. Makanisa, hasa ya Waadventista, yalikataza pombe, nayo yalikuwa na sababu: ulevi umevunja nyumba nyingi. Lakini mlevi wa leo hanywi kwa ajili ya mababu wala jirani. Chungu kilikuwa na wenyewe, siku yake na heshima yake, chupa haina.

Basi ukienda mashambani likizo hii, si lazima uonje. Keti na nyanya yako, umwulize chungu kilikaa wapi, na nani aliruhusiwa kushika mrija. Mzee akiondoka kabla hujamwuliza, utamwuliza nani?